John Archer: Mpiga picha aliyeshika umeya wa Battersea kwa kura moja

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 10, 1913, madiwani wa Manispaa ya Battersea, kitongoji cha wafanyakazi kilicho kusini mwa Mto Thames jijini London, walikutana katika jumba lao la Lavender Hill kumchagua meya atakayewaongoza kwa mwaka mmoja. Kura zilipohesabiwa, mpiga picha mmoja wa Battersea Park Road, John Richard Archer, alikuwa amemshinda mpinzani wake kwa kura moja tu.

Kwa kawaida uchaguzi wa meya wa kitongoji hauna habari ya kuvuka barabara kuu. Huu ulivuka bahari. Archer alikuwa mtu mweusi, na hakuna manispaa yoyote ya London iliyokuwa imewahi kumpa mtu mweusi mkufu wa umeya. Magazeti ya Uingereza yalimwandika, na kule Marekani jarida la The Crisis, lililohaririwa na W. E. B. Du Bois, likawapelekea wasomaji wake habari hizo kama ushindi wao wenyewe.

Hata hivyo, siku zile za kuelekea uchaguzi, baadhi ya magazeti hayakutaka kujua mgombea huyo angefanya nini kuhusu mitaro, bafu za umma au mishahara ya wafagizi wa barabara. Yalitaka kujua ametoka wapi. Wapo walioandika kuwa alizaliwa Rangoon, huko Burma. Wengine walimbandika nchi nyingine za mbali, ilimradi isiwe Uingereza. Wazazi wake nao wakaingizwa katika mjadala ambao hawakuwa na sehemu ndani yake.

Ukweli ni kwamba Archer alizaliwa Liverpool, Juni 8, 1863. Baba yake, Richard Archer, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyefanya kazi ya uhudumu katika meli. Mama yake, Mary Theresa Burns, alikuwa Mkatoliki kutoka Ireland. Liverpool ya wakati huo ilikuwa lango la biashara ya dunia nzima, na familia za namna hiyo, za baharia aliyetia nanga na mwanamke aliyevuka kutoka Ireland kutafuta riziki, hazikuwa ajabu katika mitaa iliyo karibu na gati.

Akiwa kijana naye alifuata bahari. Alizunguka dunia, akaishi kwa muda Marekani na Kanada, na aliporejea Uingereza alikuwa na mke, Bertha, mwanamke mweusi wa Kanada. Katika miaka ya 1890 wawili hao waliweka makazi Battersea. Nyumba yao ilikuwa namba 55 Brynmaer Road, barabara tulivu iliyo kusini tu mwa bustani kubwa ya Battersea. Shirika la English Heritage liliweka kibao cha kumbukumbu katika ukuta wa nyumba hiyo mwaka 2013, mwaka ambao Posta ya Uingereza nayo ilitoa stempu yenye picha yake.

Archer alifungua studio ya kupiga picha. Kazi hiyo ilimfaa mtu anayetafuta siasa pasipo kujua kwamba anazitafuta. Kwa mpiga picha wa mtaani hupita maharusi, watoto wa ubatizo, mabondia, wajumbe wa vyama vya wafanyakazi, na mjane anayetaka kuikuza picha ya marehemu. Muda si mrefu, mpiga picha anakuwa anazijua nyumba za kata nzima, na kata nzima inamjua.

Kitongoji chenye msimamo wake

Ili kuelewa jinsi mtu kama Archer alivyoweza kuchaguliwa, ni lazima kwanza kuielewa Battersea. Mwaka 1901 ilikuwa na wakazi wapatao 168,000. Katika kizazi kimoja mashamba yake ya mboga yalikuwa yamegeuka karakana za reli, viwanda vya mishumaa na nyumba zilizobanana za wafanyakazi. Mbunge wake tangu 1892 alikuwa John Burns, fundi mitambo aliyepanda hadi kuwa waziri mwaka 1905, wa kwanza kutoka tabaka la wafanyakazi kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo.

Manispaa yenyewe ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1899 iliyoigawa London katika manispaa 28, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Novemba 1900. Baada ya hapo madiwani walichaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Meya hakupigiwa kura na wananchi. Kama ilivyo kwa halmashauri zetu hapa Tanzania, ni madiwani ndio waliomchagua, na muhula wake ulikuwa mwaka mmoja.

Baraza la Battersea lilikuwa chini ya muungano wa Waliberali, wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na wajamaa, waliojiita Wapenda Maendeleo. Muungano huo haukungoja kusukumwa. Mwaka 1903 ulikamilisha mradi wa nyumba wa Latchmere, ambao haukupewa mkandarasi yeyote. Ulijengwa na mafundi walioajiriwa na halmashauri yenyewe, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa katika London. Mitaa yake miwili ilipewa majina ya Reform Street na Freedom Street, yaani Mageuzi na Uhuru. Mwingine ulipewa jina la Joubert, jenerali wa Makaburu ambaye majeshi ya Uingereza yalikuwa yametoka kupigana na watu wake huko Afrika Kusini. Halmashauri iliyothubutu kumpa adui wa taifa mtaa mzima ilikuwa ikisema waziwazi kwamba vita ile haikuwa yake. (Makaburu nao, hilo tunalijua sisi wa upande huu wa dunia, hawakuwa marafiki wa mtu mweusi, lakini Battersea ya mwaka 1903 haikulifikiria hilo sana.)

Ni katika kata hiyo hiyo ya Latchmere ambako Archer aligombea udiwani Novemba 1906 kwa tiketi ya Wapenda Maendeleo. Wakati huo si kila mtu mzima alikuwa na kura. Haki hiyo ilifungamana na upangaji wa nyumba na kodi za halmashauri, hivyo vijana wengi walioishi chini ya paa la wazazi wao walibaki nje. Ulikuwa pia mwaka mbaya kwa kambi yake, kwani katika sehemu kubwa ya London wapiga kura waliipa kisogo na kuwachagua wapinzani waliokuwa na uhusiano wa karibu na Wahafidhina, waliohubiri kubana matumizi. Archer alipita.

Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya mto katika Manispaa ya Marylebone, mwanasheria Henry Sylvester Williams wa Trinidad naye alichaguliwa diwani. Wawili hao hawakuwa wageni kati yao. Julai 1900 Williams ndiye aliyeitisha mkutano wa kwanza wa Waafrika wote, uliofanyika kwa siku tatu katika Ukumbi wa Mji wa Westminster, na Archer alitoka humo akiwa mjumbe wa kamati tendaji ya chama kilichoundwa. Mwanamuziki Samuel Coleridge-Taylor alikuwa katika kamati hiyo. Du Bois naye alihudhuria. Mlolongo wa mikutano ulioanza pale ndio uliofika Manchester mwaka 1945, ambako Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walikuwa miongoni mwa waandaaji, na Juni 1974 ukafika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1909 Archer alipoteza kiti chake, na kambi yake ikapoteza baraza. Kata ya Latchmere ilikuwa na jambo jingine lililotikisa London nzima, nalo ni sanamu ya mbwa. Iliwekwa katika uwanja wa mapumziko wa kata hiyo mwaka 1906 kumkumbuka mbwa aliyefia katika maabara za chuo kimoja cha udaktari, na maandishi yake yaliwaudhi wanafunzi wa udaktari kiasi cha kuandamana na kupigana na polisi mitaani. Madiwani wapya walioingia 1909 waliona gharama ya kuilinda imezidi. Machi 1910, usiku, wakaing'oa chini ya ulinzi wa polisi 120. Huo ndio ulikuwa uzito wa siasa za kata wakati huo; mtu angeweza kupigwa ngumi kwa ajili ya mnyama wa shaba.

Archer alirudi mwaka 1912. Suala alilolishikilia lilikuwa mishahara. Alitaka kima cha chini cha shilingi 32 kwa wiki kwa wafanyakazi wa halmashauri, na alishinda hoja hiyo. Katika manispaa ambayo halmashauri yake ilikuwa mwajiri mkubwa wa wafagizi, wazoa taka na mafundi, hilo lilimaanisha chakula mezani katika nyumba nyingi ambazo Archer alizijua kwa majina.

Jioni ya mkufu

Kwa hiyo, jina lake lilipopendekezwa kwa umeya mwishoni mwa 1913, lilikuwa jina la diwani mwenye rekodi. Hata hivyo hoja ya asili ilitawala, na inaelekea ndiyo iliyofanya kura zikaribiane kiasi kile.

Baada ya kutangazwa, Archer hakuikwepa. Aliwaeleza madiwani wenzake, kwa mzaha uliokuwa na ncha, kwamba alizaliwa katika kijiji kidogo cha Uingereza ambacho huenda hawajapata kukisikia, kiitwacho Liverpool. Kisha akaacha mzaha. Alilalamika kwamba watu walikuwa wamemshambulia kwa sababu ya rangi yake, na alimtetea mama yake, ambaye jina lake lilikuwa limeburuzwa katika kampeni hizo. Aliwaambia kwamba habari za jioni ile zingeifikia kila nchi ya watu wasio weupe, nao wangeitazama Battersea na kuona kwamba imetenda haki.

Alidai pia kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Waingereza kwa mtu mweusi kuwa meya. Hapo aliteleza kidogo. Mwaka 1904 daktari Allan Glaisyer Minns, mzaliwa wa Bahamas, alikuwa amechaguliwa meya wa mji mdogo wa Thetford, mashariki mwa Uingereza. Lakini Thetford ulikuwa mji wa mashambani, na habari zake hazikuwa zimesambaa. Kwa London, Archer alikuwa wa kwanza.

Pongezi zilimjia, na matusi pia. Miongoni mwa barua alizopokea ofisini zilikuwamo za watu waliomchukia kwa rangi yake tu. Meya wa manispaa hakuwa na madaraka makubwa ya kuwajibu kwayo. Kazi yake ilikuwa kuongoza vikao, kupokea wageni, kufungua maonesho na kuhudhuria hafla za shule. Pengine ndiyo maana kuwapo kwake kuliuma. Mtu anayeongoza idara huweza kufichwa nyuma ya mafaili, lakini meya lazima aonekane, na mwaka mzima Battersea ilionekana kwa sura ya Archer. Muhula wake ulikuwa haujaisha Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka Agosti 1914, na kazi ya hafla ikageuka kuwa kazi ya misaada kwa familia za askari.

Mwaka 1918 Waafrika na watu wa Karibi waishio London waliunda Umoja wa Maendeleo ya Waafrika na kumchagua Archer kuwa rais wake wa kwanza. Katika hotuba yake ya ufunguzi alieleza kwamba watu weusi hawakuja kuomba hisani. Walikuwa wamekwishachoka kuwa wakata kuni na wachota maji wa dola hiyo, na kama walifaa kuifia vitani, basi walifaa pia kuwa raia wake kamili. Maneno hayo yalisemwa wakati maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi katika vita hiyo hiyo, wengi wao bila hata kaburi la kueleweka.

Februari 1919 alikuwa Paris pamoja na Du Bois na mbunge wa Senegal, Blaise Diagne, katika Kongamano la Waafrika lililokutanisha wajumbe 57 pembeni ya mazungumzo ya amani. Moja ya mambo waliyoyataka ni ulinzi wa kimataifa kwa wenyeji wa Afrika, hasa wa makoloni yaliyonyang'anywa Ujerumani. Koloni kubwa kuliko yote katika hayo ni lile lililokuja kuitwa Tanganyika. Wakubwa hawakusikiliza sana, wakagawana.

Miezi michache baadaye mji aliozaliwa ulimpa jibu chungu zaidi. Juni 1919 makundi ya watu weupe yalizivamia nyumba za watu weusi mjini Liverpool, na kijana mmoja, Charles Wootton, akakimbizwa hadi gatini na kufa majini. Umoja ulioongozwa na Archer uligharimia utetezi wa watu weusi walioshitakiwa kutokana na ghasia hizo. Wakili aliyewatetea, Edward Nelson, mzaliwa wa Guyana, alikuwa naye diwani katika halmashauri ya kitongoji cha Hale, karibu na Manchester, tangu mwaka 1913. Inafaa kulitazama hilo vizuri: katika nchi ambayo bunge lake halikuwa na mlango wazi kwao, watu weusi wachache waliopata sauti ya umma waliipata katika halmashauri za mitaa.

Archer na Saklatvala

Mwaka huo huo Archer alirejea barazani, safari hii kwa tiketi ya chama cha Labour, ambacho kilipata ushindi mkubwa katika manispaa nyingi za London. Lakini mwaka 1922 aliachia kiti chake ili kuendesha kampeni za mtu mwingine. Huyo alikuwa Shapurji Saklatvala, Mparsi wa Bombay, mpwa wa tajiri wa viwanda Jamsetji Tata, aliyekuwa amejiunga na Chama cha Kikomunisti na kutaka ubunge wa Battersea Kaskazini kwa baraka za Labour.

Hebu fikiria jimbo la wafanyakazi Waingereza, mgombea Mhindi na meneja wa kampeni mweusi, katika mwaka ambao dola ya Uingereza ilikuwa katika kilele cha ukubwa wake. Saklatvala alishinda. Mwaka 1923 alishindwa, na 1924 akarudi tena bungeni, Archer akiwa bado nguzo ya kampeni zake. Studio ya picha na miaka ya udiwani vilikuwa vimemfundisha Archer jambo ambalo wasomi wa siasa hujifunza kwa shida, yaani namna ya kujua nani anaishi nyumba ipi na nani hajatoka kupiga kura.

Ushirika huo haukudumu. Uongozi wa kitaifa wa Labour uliamua kwamba Wakomunisti hawana nafasi ndani yake, na tawi la Battersea lilipokataa kuwatosa, mwaka 1926 lilifukuzwa chamani. Archer alilazimika kuchagua, naye alichagua chama. Alishiriki kuunda tawi jipya lililotambuliwa rasmi, na katika uchaguzi wa 1929 aliendesha kampeni za William Sanders, aliyemng'oa Saklatvala.

Wapo waliomwona kuwa amemsaliti rafiki na, pamoja naye, sauti pekee ya makoloni bungeni. Lawama hiyo si nyepesi, kwani Saklatvala alikuwa akiisema India na Afrika bungeni kwa ukali ambao Sanders hakuwa nao. Lakini mwandishi huyu anaona kwamba Archer hakuwa mtu wa kupenda kushindwa kwa heshima. Maisha yake yote ya siasa yalitegemea wingi wa kura barazani, maana bila wingi huo hapakuwa na shilingi 32 wala nyumba za Latchmere. Chama kilichofukuzwa na wenzake kisingeweza kuendesha halmashauri kwa muda mrefu.

Katika miaka hiyo alihudumu pia katika bodi ya kusaidia maskini ya Wandsworth, akawa mjumbe wa bodi ya chuo cha ufundi cha Battersea Polytechnic na rais wa klabu ya waogeleaji ya Nine Elms. Hakuwahi kugombea ubunge. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 68, aliomba tena kura za udiwani, safari hii katika kata ya Nine Elms, yenye moshi wa reli na viwanda vya gesi. Alichaguliwa, na akawa naibu kiongozi wa baraza.

Alifariki Julai 14, 1932, wiki chache baada ya kutimiza miaka 69. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa Katoliki la Battersea Park Road, barabara ile ile aliyokuwa na studio yake. Manispaa ya Battersea yenyewe ilifutwa mwaka 1965 na kuunganishwa na Wandsworth, na jumba la Lavender Hill alikovikwa mkufu sasa ni kituo cha sanaa. Archer alizikwa Morden, nje kidogo ya London, katika makaburi yaliyomilikiwa na halmashauri aliyoitumikia.